Mpuliza hamonika unamjua kwa pumzi zake

Kuna kauli huwa naisikia hata kwa watu wanaopenda muziki kwelikweli, kwamba hamonika za blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, zote zinalia sawa, ukisikia moja umezisikia zote. Naelewa inatoka wapi, maana ukiwa mgeni unachosikia ni kile kilio tu, kinapanda, kinashuka, wimbo umeisha. Ila mimi nina msimamo wangu na leo nataka niueleze mpaka uishe: hakuna chombo kinachomtaja mpigaji wake haraka kama hamonika, na sababu yenyewe ni kwamba wote walikuwa wanapiga kitu kilekile.

We angalia. Hohner, kampuni ya mji wa Trossingen huko Ujerumani, ilianza kuuza modeli inayoitwa Marine Band mwaka 1896. Matundu 10, ndani vibati vya shaba 20, kila tundu lina viwili, kimoja kinalia ukipuliza kingine kinalia ukivuta. Kitu kinaingia mfuko wa shati. Kilikuwa cha bei ndogo kiasi kwamba mtoto wa shamba la pamba kule Mississippi aliweza kukipata, na hao hao watoto wakakua wakaenda Chicago wakawa mabingwa wakiwa bado na hamonika ya dukani. Mpiga gitaa ana nyuzi za kuchagua, ana mbao, ana namna ya kuseti. Huyu wa hamonika kilichobaki ni mwili wake tu, midomo, ulimi, koo, tumbo na viganja viwili. Wapenzi wa dansi mnalijua hili, gitaa la Mbaraka Mwinshehe likianza tu, hata hajafungua mdomo kuimba, ushajua ni nani. Basi kwenye hamonika ni hivohivo ila imezidi, kwa sababu pale katikati ya mtu na sauti hakuna kitu kingine.

Nieleze kidogo inavofanya kazi alafu tuwaingie wenyewe. Wajerumani waliitengeneza kwa ajili ya nyimbo zao, unapuliza zaidi, noti zinatoka safi za furaha. Wamarekani weusi wa kusini wakaigeuza, wakaanza kuitegemea kwenye kuvuta. Yaani wimbo uko kwenye ufunguo wa G wewe unachukua hamonika ya ufunguo wa C, na hapo noti zako kubwa zote zinakuwa za kuvuta pumzi ndani. Faida yake ni kwamba noti za kuvuta upande wa chini zinapindika. Unarudisha ulimi nyuma, unabadilisha nafasi ndani ya mdomo, noti inashuka yenyewe, na tundu la 3 ukivuta unaweza kuishusha mpaka nusu toni tatu. Sasa mdomo wa kila mtu umekaa kivyake. Anaishusha kwa haraka au taratibu, anaishia katikati au anaenda mpaka chini kabisa, anaitetemesha kwa koo au kwa kiganja, hayo huwezi kuyaficha hata ukitaka.

Kwa hiyo mimi nikisikia hamonika nisiyoijua sianzi na noti. Naanza kusikiliza noti inaanzaje na inaishaje, alafu nasikiliza anafanya nini pale ambapo hapigi. Mpwa wangu ana mchezo wake, ananiwekea wimbo simu ameigeuza kifudifudi alafu anasema haya mjomba, taja, na mara nyingi jibu linapatikana kabla ya mistari miwili, kwa huo mwanzo na mwisho wa noti tu.

Tuanze na Sonny Boy Williamson, na hapa lazima twende polepole kwa sababu wako wawili na hawana undugu wowote.

Wa kwanza ni John Lee Williamson, kazaliwa 1914 karibu na Jackson, Tennessee. Mwaka 1937 alirekodi kwa lebo ya Bluebird pale Aurora, Illinois, na kikao chake cha kwanza ndo kilichotoa "Good Morning, School Girl". Huyu ndo aliyeitoa hamonika kwenye kuiga treni na mbwa wa kuwinda akaileta mbele ya bendi, ikasimama kama sauti ya pili ya mwimbaji. Ukimsikiliza utaona hakuna mpaka kati ya kuimba na kupuliza, mstari wa maneno haujaisha vizuri hamonika ishadaka neno la mwisho na kulimalizia. Noti zake zimebanwa, mara nyingi mbili tatu zinalia kwa pamoja, na kiganja kinafungua na kufunga juu yake, wah wah. Alikuwa na ulimi mzito kidogo kwenye kuongea na kuimba, na mimi nikimsikia huwa naona hamonika yake nayo inatamka hivohivo. Aliuawa Chicago Juni 1948, alivamiwa akiwa anarudi nyumbani kwa miguu usiku, umri miaka 34. Inauma sana hii, kwa sababu Chicago ya miaka iliyofuata ilikuwa imejengwa juu ya kazi yake na hakuiona.

Wa pili ni Aleck Miller, wengi walimwita Rice Miller, mtu wa Mississippi, na jina la Sonny Boy Williamson alianza kulitumia mwenzake akiwa hai kabisa. Kuanzia 1941 alikuwa anasikika kwenye redio KFFA ya Helena, Arkansas, kwenye kipindi cha King Biscuit Time, kipindi cha kutangaza unga wa ngano. Mambo ya jina tuyaache. Kwa upigaji huyu mzee hana mfano.

Alama yake ya kwanza ni nafasi. Huyu anaacha. Chukua "Help Me", ya 1963, kinanda na besi vinarudia kitu kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, anaimba mstari, anajibu na noti chache tu, alafu ananyamaza na hana haraka. Mwingine yeyote angejaza pale. Yeye anakuacha unangoja, ukishazoea kungoja anakupa kanoti kamoja kadogo, kanaanza bila mtetemo wowote, kamesimama kakavu, alafu mtetemo unaingia nyuma yake taratibu mpaka noti yote inatikisika. Huo mtetemo unaochelewa kuingia ndo kitambulisho chake kwangu. Na mwisho wa noti unasikia viganja vinafunga. Hakuikumbatia maikrofoni kama vijana wa Chicago, alisimama mbele yake tu na kuiacha mikono ifanye kazi, na ana viganja vikubwa, kuna filamu za ziara zake za Ulaya kuanzia 1963 ambazo unaona kabisa vidole virefu vinafunguka na kujifunga, na kuna sehemu anaiingiza hamonika mdomoni kwa ncha, mikono iko chini, na bado inapiga. Watu wanaiona kama mbwembwe ila sikiliza wakati ule mikono haipo: zile noti zinapoteza ule mfuniko wao, zinakuwa wazi, na hapo ndo unaelewa muda wote mikono ilikuwa inafanya kazi kiasi gani. Alifariki Helena 1965, muda mfupi tu baada ya kurudi nyumbani kutoka Uingereza.

Ukitaka kuwatenganisha hao wawili kwa sekunde chache: wa kwanza anaziba mapengo, wa pili anayatengeneza.

Sasa tufike kwa kina Walter, na hapa ndo penye mabishano yangu na nusu ya wapenzi wa hamonika duniani.

Little Walter, jina kamili Marion Walter Jacobs, kazaliwa 1930 Marksville, Louisiana. Akafika Chicago akiwa kijana mdogo, akapiga barabarani pale soko la Maxwell Street, mwisho akaingia bendi ya Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa. Tatizo la wakati ule lilikuwa gitaa za umeme, zilishaanza kupiga kelele na hamonika ilikuwa inazama. Wapulizaji wakaanza kushika maiki za bei rahisi pamoja na hamonika ndani ya viganja na kuzichomeka kwenye amplifaya. Hakuwa peke yake kwenye hilo. Alichofanya yeye ni kuona kwamba amplifaya sio ya kuongeza sauti tu, ni sehemu ya chombo. Ukibana viganja hewa haitoki, sauti inajaa na kupasuka kidogo, ukilegeza inakuwa nyembamba, na yeye alicheza na hiyo kama mtu anavocheza na noti zenyewe.

Tarehe 12 Mei 1952 wakarekodi "Juke", na haina mwimbaji, ni hamonika mbele, gitaa mbili, drams, hata besi hakuna. Ilikaa namba moja kwenye chati ya R&B ya jarida la Billboard la Marekani wiki 8. Isikilize mwanzo. Kakifungu kafupi kanapanda, kanarudiwa, kanarudiwa tena, gitaa zinatembea chini yake, na kila anapokarudia anakaweka kakichelewa kidogo tu nyuma ya mdundo, hakimbilii, bendi inamvuta na yeye anakubali kuvutwa. Alikuwa anasikiliza sana wapiga saksofoni, Louis Jordan na wenzake, na hilo unalisikia kwenye urefu wa sentensi zake. Wengi wakipuliza wanaongea maneno mawili mawili. Little Walter anaongea sentensi nzima, ina mwanzo, inapinda katikati, inaishia mahali hukutegemea. Ukisikia hamonika ya umeme inaserereka hivyo bila mshono, na ukajikuta hujui alivuta pumzi saa ngapi, ni yeye au ni mtu aliyekaa miaka anamsoma.

Na ndo nakuja kwenye ubishi wenyewe. Watu wanatafuta maiki za zamani kwa hela nyingi, wanatafuta amplifaya za miaka ya 50, wakiamini sauti ya Little Walter iko humo. Mi nasema hapana. Nenda kasikilize "Louisiana Blues" ya Muddy Waters, iliyorekodiwa 1950. Hamonika pale haina umeme, ni Little Walter anapiga kwa mikono mitupu. Na bado unamjua! Ule utelezi upo, ile namna ya kuifuata sauti ya Muddy kwa nyuma kidogo ipo, noti inayopinda na kuachwa haijafika chini kabisa ipo. Umeme ulikuja kuikuta sauti ishakamilika.

Ushahidi wa pili ni Big Walter Horton, wa Mississippi akakulia Memphis. Huyu naye alitumia maiki na amplifaya, mji uleule wa Chicago, miaka ileile, hata wanamuziki waliokuwa nyuma yao ni walewale mara nyingi, na huwezi kuwachanganya. Sauti ya Big Walter ni nene. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo, ni nene kuanzia sekunde ya kwanza ya noti, inafika yote kwa pamoja. Inatokana na ulimi: mdomo unafunika matundu kadhaa, ulimi unaziba mengine na kuacha moja, alafu ulimi unaachia na kurudi kwa kupiga, kwa hiyo kabla ya noti kuna mlio mpana sana wa noti zote kwa kufumba na kufumbua alafu inabaki moja. Wengine wanaopuliza midomo ikiwa imekunjwa ya kupigia mluzi hawana huo mlipuko. Wapo wazuri sana, ila huo hawana.

Ukitaka kumsikia Big Walter karibu kabisa tafuta "Easy", ya 1953, Sun Records ya Memphis, yeye na Jimmy DeBerry kwenye gitaa. Inaanza kwa upole, tena upole wa kukufanya usogee kwenye spika. Melodi imetulia, wimbo ni wa taratibu. Raundi inayofuata anaongeza uzito kidogo. Inayofuata anaongeza tena, zinaingia noti mbili kwa pamoja zilizopishana oktava moja, ulimi ukiwa katikati, na sauti inaanza kupasuka pembeni, na ikifika karibu na mwisho kile kitu kimejaa chumba kizima na hujaona ni wapi hasa kilipokua. Na watu wenyewe ni wachache tu. Mimi katika rekodi zote za hamonika nikiambiwa nibaki na moja nabaki na hii, na nimeisikiliza kwa spika mbovu, kwa earphone, kwenye daladala, haijawahi kupungua. Alafu nenda "Walking by Myself" ya Jimmy Rogers, 1956, usikie solo yake, fupi, imekaza, kila noti imepigwa kwa nguvu na hakuna hata moja ya kutupa. Walimwita Shakey kwa jinsi kichwa kilivokuwa kinatikisika akipiga. Alikuwa mtu wa haya, hakupenda sana kukaa mbele kama kiongozi, na nadhani ndo maana jina lake halijafika mbali kama lilivostahili.

Wapo ambao huhitaji kusikiliza kwa makini hata. Jimmy Reed alikuwa anapiga gitaa huku hamonika imeshikwa na waya shingoni, mikono yote iko kwenye gitaa, kwa hiyo wah wah ya viganja haipo kabisa, na yeye akapanda juu, matundu ya 8, 9 na 10, kule ambako noti zinapinda kwa kupuliza na sio kwa kuvuta. Kasauti kembamba, karefu, kanalia juu kabisa ya bendi iliyotulia. "Honest I Do" ya 1957, sekunde chache tu ushamjua.

Sonny Terry naye hivohivo, ila kwa njia nyingine. Mzaliwa wa Georgia, 1911, alipoteza macho yote mawili kwa ajali mbili tofauti akiwa bado kijana. Desemba 1938 alipiga Carnegie Hall, New York, kwenye tamasha la From Spirituals to Swing, na baadaye alitembea dunia na mpiga gitaa Brownie McGhee kwa miaka mingi. Hana umeme, hana haja ya bendi. Anavuta na kupuliza kwa mdundo usiokatika, na katikati ya pumzi anatoa ukelele wa sauti yake mwenyewe, whoo!, alafu anarudi kwenye hamonika bila kupoteza hata nukta, na ukelele na hamonika viko kwenye noti moja kiasi kwamba mara nyingine sikio linashindwa kuona kipi kimeishia wapi. Viganja vyake vinapepea kwa kasi, na hamonika aliishika kichwa chini, noti za chini zikiwa kulia. Hakuna mtu mwingine anaepiga hivyo, aliyepo anamuiga yeye.

Kundi gumu ni la waliotoka kwenye shule moja. Junior Wells na James Cotton, wamepishana umri miezi michache tu, mmoja Desemba 1934, mwingine Julai 1935, wote wamepita kwenye bendi ya Muddy Waters. Tena Wells aliingia pale 1952 kwa sababu Little Walter aliondoka "Juke" ilipovuma, na Walter kwa upande wake akaenda kuichukua bendi aliyoiacha Wells. Wakabadilishana bendi kabisa.

Wells ni mtu wa kukata. Noti mbili, kimya, noti tatu, kimya, anaguna, anabofya ulimi, anarudi. Anapiga hamonika mle ambamo mpiga drams angepiga. Albamu yake "Hoodoo Man Blues" ya 1965, na Buddy Guy kwenye gitaa, ina nafasi nyingi sana hewani na ndo uzuri wake, huwezi kuipunguza hata kidogo. Mtu akiniwekea hamonika inayonifanya nitikise bega kuliko kuhuzunika, nataja Wells kwanza alafu nafikiria baadaye.

Cotton ni mapafu. Alijifunza kwa Sonny Boy wa pili akiwa mtoto, ila akatoka na kitu tofauti kabisa, nguvu, anavuta noti mpaka unahisi vibati vya shaba vinaomba huruma, na treni zake zinakuja kwa uzito wa treni. Msikie na Muddy Waters pale kwenye tamasha la Newport 1960 kwenye "Got My Mojo Working", anavosukuma bendi kutoka nyuma. Miaka ya 1990 alipata saratani ya koo na sauti ya kuimba ikaharibika, ikabaki mkwaruzo. Akaendelea kupanda jukwaani, wengine wakawa wanaimba, yeye anapuliza, miaka na miaka mpaka karibu na kifo chake 2017. Rekodi za kipindi hicho nazipenda kwa namna ya pekee kwa sababu mtu ameondolewa sauti moja na ile nyingine haikuguswa, unaisikia ileile ya Newport, nzito vilevile.

Sasa kama umefika mpaka hapa na unataka kujipima, kuna rekodi moja naitumia. Lebo ya Alligator ya Chicago ilitoa mwaka 1972 albamu ya Big Walter Horton akiwa na Carey Bell. Bell alikuwa mwanafunzi wake, na alichota pia kwa Little Walter na kwa Sonny Boy wa pili, na kwenye baadhi ya nyimbo mle wanapiga wote wawili kwa wakati mmoja, hamonika mbili, mwalimu na mwanafunzi. Mara ya kwanza utasikia msongamano. Irudie bila kufanya kitu kingine, usikilize mianzo ya noti tu. Mmoja noti yake inafika imekamilika, nene, ya duara, na haisogei sana. Mwingine anaingia kwa kukwaruza kidogo, anarukaruka, sentensi zake zinakatika ghafla na kuanzia sehemu nyingine, na mtetemo wa kooni ni mpana zaidi. Yule wa kwanza ni mzee Walter, na kuna mahali Bell anapanda juu kwa haraka na mzee anabaki kulekule chini, anashikilia noti moja tu na kuisukuma kwa ulimi, inajaa, inajaa, mpaka Bell mwenyewe anashuka kumfuata.